Fungu la Mbuni

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa gani? Mchana kutwa mmepita hapa mlangoni mkipiga kelele, "Eliamini! Eliamini! Mtu mkubwa!" mpaka kuku wangu aliyekuwa akiatamia akayakimbia mayai. Sasa bibi yenu anataka kuitikiwa, mnanipa sauti za wagonjwa. Sogeeni motoni. Elinihaki, toa mguu kwenye majivu. Haya, tena, na nisikie. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa.

"Lakini Bibi, Eliamini amefunga mabao yote leo. Kwa hiyo si ni mtu mkubwa?"

Elinihaki, mimi nimekuuliza mabao? Nimekasirika, mjukuu wangu, na sababu ya hasira yangu nitaisema mwisho. Kwanza sikilizeni.

Hapo zamani za kale, kanga alikuwa ndege mweusi tii, hana doa hata moja. Na mbuni alikuwa akiishi huku huku kwetu milimani, kijiji kimoja na wenziwe, chini ya jabali. Ulipita mwaka mmoja wa kiangazi kibaya. Mto ukabaki mawe. Kanga alikuwa na vifaranga, na vifaranga wale wakafa kwa kiu, leo huyu, kesho yule, mama yao akiwatazama.

"Wote, Bibi?"

Wote. Usinitazame hivyo, sikuwaua mimi.

Mvua ziliporudi, Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, akaita kikao. Akasema, "Maji yanapita tunayatazama. Tuchimbe ndiva."

"Ndiva ni nini, Bibi?"

Ah, Tunu, umekulia Tanga mjini, hujui. Ndiva ni bwawa la kuchimba kwa mikono, huku juu mlimani. Maji ya mfereji yanaingia humo yanakusanyika, na chini kuna tundu la kuyatolea. Jioni tunaliziba, asubuhi tunalizibua, kila mtu anapata maji kwa zamu. Na kazi ya kuchimba ndiva hafanyi mtu mmoja. Inapigwa pembe, watu wote wanatoka na majembe. Hiyo tunaita msaragambo. Asiyetoka, wazee wanakwenda kwake wanachukua chungu chake, au kuku wake, mpaka aje atubu. Umeelewa? Basi wanyama nao walikuwa na desturi hiyo hiyo.

Mzee Nyati akapima kingo za ndiva, akamgawia kila mnyama fungu lake. Akasema, "Fungu ni la mwenyewe. Utalichimba wewe, utalikandika wewe, na likivuja utaitwa wewe."

"Tumekubali!" wakasema wanyama wote.

Kanga akapewa fungu lake. Na jirani yake, bega kwa bega, akapewa fungu Mbuni.

Sasa huyu Mbuni, nisimseme kwa uongo. Alikuwa na mbio! Mkimwona anakimbia, mnasahau mlichokuwa mnafanya. Alimshinda Swala, alimshinda Punda Milia, alimshinda kila aliyekuja kutoka upande wa pili wa mlima. Akifika mwisho wa mbio anapewa kata ya kwanza ya maji, wenzake hawajanywa, halafu wanamwimbia. Mimi nitaimba, nyinyi mwitikie "Hakuna!" Mbio, mbio, nani kama Mbuni?

"Hakuna!"

Mbio, mbio, nani kama Mbuni?

"Hakuna!"

Ndivyo walivyoimba, asubuhi na jioni, mpaka shingo ya Mbuni ikarefuka. Akawa anatazama mawingu tu. Waliokuwa chini hawaoni tena.

Siku ya kuchimba ikafika. Pembe ikalia, puuu! Wanyama wakatoka. Ngiri akaja na meno yake, Tembo na mkonga wake, Kanga na vijiguu vyake. Mbuni hakuja. Wakamtazama juu ya jabali, wakamwona ananyoosha miguu, huu mbele, huu nyuma.

Mzee Nyati akamwita, "Mbuni, hukusikia pembe?"

"Nimesikia, Mzee."

"Mbona huji?"

Mbuni akasema, "Miguu hii si ya kuchimba. Miguu hii ni ya mbio."

Wanyama wakatazamana. Unadhani walimfuata wakamshika masikio? Thubutu! Mzee Nyati akakohoa, akasema, "Mwacheni. Huyu ndiye jina letu."

Jina! Jina linashika jembe? Jina linabeba udongo? Na ngojeni niwaambie lililonichoma zaidi. Siku ile ile Pimbi alichelewa. Kapimbi kadogo kale ka kwenye majabali, alichelewa kwa kuwa mama yake alikuwa na homa, alikuwa anamkanda. Walimfanya nini? Walikwenda kwake wakachukua chungu chake, chungu cha kupikia, chungu pekee! Pimbi aliyechelewa kachukuliwa chungu. Mbuni asiyekuja kabisa, jioni wakampelekea uji.

"Si haki, Bibi!"

Si haki! Sema tena, Tunu, sauti ifike kule kwa mwenyekiti.

"Si haki!"

Basi Kanga akachimba fungu lake, akamaliza. Akageuka, akaliona fungu la Mbuni liko vile vile, nyasi juu. Akafikiri, ukingo ukiachwa na pengo hapa, maji yote yatapitia hapa. Akawakumbuka vifaranga wake. Akaingia fungu la Mbuni, akachimba kwa vijiguu vyake, peke yake, mpaka kucha zikatoka damu. Hakuna aliyemwimbia wimbo.

Ikaja siku ya kukandika. Ndiva ukishaichimba lazima uikandike ndani kwa udongo, la sivyo ardhi inakunywa maji kabla yako. Udongo ule ulikuwa mweupe, unatoka bondeni, na kabla ya kuupaka lazima ukanyagwe. Unakanyagwa mpaka unalainika, mpaka unashikana. Hapo ndipo inapotakiwa miguu yenye nguvu. Sasa niambieni, kijijini pale nani alikuwa na miguu yenye nguvu?

"Mbuni!"

Mbuni! Kazi iliumbiwa yeye. Angekanyaga asubuhi moja, ingetosha ndiva nzima. Pembe ikalia, puuu! Wanyama wakatoka. Mbuni hakuja.

Kanga akaenda mwenyewe mpaka kwake. Akasema kwa adabu, "Jirani, mimi ni mwepesi, udongo haunisikii. Njoo unikanyagie kidogo. Na fungu lenyewe ni lako."

Mbuni akamtazama kutoka juu. "Kanga, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na jirani yangu."

"Miguu hii si ya tope," akasema Mbuni. "Miguu hii ni ya mbio."

Kanga akaenda kushtaki kwa Mzee Nyati. Mzee Nyati akakuna pembe yake, akasema, "Mwache, Kanga. Mashindano yako karibu. Akiteguka je? Huyu ndiye jina letu."

Kanga akarudi. Akakanyaga fungu lake, akakanyaga na la Mbuni. Lakini kanga ana uzito gani? Alirukaruka juu ya udongo ule kama anakanyaga mawe. Akaupaka ukiwa na madongemadonge, akalala na wasiwasi.

Maji yakaingia, ndiva ikajaa. Wa kwanza kufika ni nani? Mbuni! Hakuchimba, hakukanyaga, lakini alifika wa kwanza. Akanywa akashiba. Halafu, sikilizeni, akatumbukiza miguu yote miwili ndani apooze misuli. Maji yakawa kahawia. Na wenzake waliokuwa kwenye foleni na vibuyu vyao, walisemaje? Waliimba! Mbio, mbio, nani kama Mbuni?

"Hakuna..."

Enhe, mmeanza kuitika kwa uvivu. Vizuri. Na wao wangeona aibu mapema, hadithi hii isingefika mbali.

Mvua zikakatika, kiangazi kikaingia. Mto ukabaki mawe tena, lakini safari hii ndiva ilikuwa imejaa. Na Kanga alikuwa ametotoa. Alikuwa na vifaranga wapya, wadogo, wanatembea kwa msururu nyuma yake. Kila asubuhi anawapeleka ndiva, wanainamisha vichwa, wanakunywa, wanainua vichwa. Kanga akiwatazama anacheka peke yake.

Siku moja kabla ya mashindano makubwa, pembe ikalia. Mfereji umezibwa na magogo kule juu msituni. Wanyama wakapanda wote na Mzee Nyati wao. Hata Pimbi alikuwa njiani, anaruka jabali hili na lile. Chini akabaki Kanga, maana vifaranga hawajaweza kupanda. Na akabaki Mbuni, amelala kivulini, eti anapumzisha miguu.

Kanga akapeleka vifaranga ndiva. Akasikia chururu, chururu. Akaangalia nje ya ukingo. Maji yanatoka! Tundu limejifungua, dogo, linapanuka, donge la udongo linaanguka, maji yanazidi. Na lilikuwa fungu la nani?

"La Mbuni!"

La Mbuni. Kanga akakimbia kivulini. "Mbuni! Mbuni, amka! Ndiva inapasuka! Kimbia juu ukawaite, wewe utafika mara moja!"

Mbuni akafungua jicho moja. "Fungu la nani limevuja?"

"Lako!"

"Langu? Si umelikandika wewe?"

"Ah! Bibi, ningempiga!"

Kaa chini, Elinihaki, hujafika hata kwenye goti lake. Kanga naye alitaka kumpiga, lakini hakuwa na nafasi. Akasema, "Baadaye utanilaumu. Sasa kimbia, Mbuni, nakuomba, kimbia tu!"

Mbuni akasema, "Kesho nashindana. Leo nikikanyaga jiwe nikaumia, itakuwaje? Halafu tazama, hakuna mtu hapa. Nikikimbia leo, nani atanishangilia?"

Mnasikia hayo? Mungu kampa mtu miguu ambayo ingeokoa kijiji kizima, naye anauliza nani atamshangilia!

Kanga akalia. "Maji yakiisha vifaranga wangu watakunywa nini?"

Mbuni akafunga jicho. "Utataga mengine," akasema.

Tunu, unalia? Eeh. Hata mimi bibi yangu aliponifikisha hapa nililia.

Kanga akarudi ndiva mbio. Tundu lilikuwa limepanuka, sasa lilikuwa saizi yake hasa. Akajitosa ndani ya maji, akatafuta tundu, akajichomeka humo kwa mwili wake. Mabawa akayakaza huku na huku, kichwa na shingo vikatokeza nje, upande wa baridi na upepo. Maji yakapungua kutoka. Akawaambia vifaranga wake, "Pigeni kelele, wanangu. Pigeni zote mlizonazo!"

Vifaranga wakapiga kelele, chiu, chiu, chiu! Sauti za vifaranga zinafika wapi? Hazifiki msituni. Lakini zilifika majabalini. Na majabalini alikuwako nani?

"Pimbi!"

Pimbi, yule wa chungu! Angeweza kusema, mlinichukulia chungu changu, tafuteni wenyewe wa kuwasaidia. Hakusema. Alifungua mdomo akalia kile kilio cha pimbi, mnakijua, kinachokwaruza mpaka kwenye mifupa. Pimbi wa jabali la juu akakisikia, akakipokea. Wa juu yake akakipokea. Jabali kwa jabali kilio kikapanda mpaka msituni, kikamfikia Mzee Nyati sikioni. Wanyama wote wakateremka wanabingirika.

Walikuta maji nusu yamekwenda. Nusu imebaki. Kwenye ukingo waliona kichwa cha kanga kimetokeza, macho yamefumbwa, na vifaranga wamekizunguka wanakidonoa, wanadhani mama amelala. Tembo akamchomoa kwa mkonga, taratibu, na Ngiri akazuia tundu kwa mgongo wake mpaka mawe na udongo vikaletwa.

"Alikufa, Bibi?"

Hakufa, Tunu. Lakini baridi ilikuwa imemgeuza kichwa rangi ya buluu. Manyoya ya shingoni yalikuwa yamenyonyoka yote kwa kukwaruzwa na mawe. Na yale maji yaliyochanganyika na udongo mweupe yalikuwa yamemrukia mwili mzima, tone tone, yakakauka juu yake. Hayakutoka tena. Mtazameni kanga kesho. Kila doa mnaloliona ni tone la ndiva.

Usiku ule hawakulala, walikanyaga udongo. Asubuhi nayo wakaendelea, hakuna aliyekumbuka mashindano. Mbuni akaenda peke yake uwanjani, akakutana na wanyama wa upande wa pili wa mlima, akakimbia nao. Na mnajua nini? Alishinda. Aliwaacha mbali wote, akafika mwisho, akainua shingo asikie wimbo. Kimya. Wale aliowashinda walimpa mkono, wakaenda zao makwao.

Akaja kijijini amefura. Akawakuta wote kwenye ndiva, matope mpaka masikioni. Akasema, "Nimeshinda!"

"Hongera," wakasema, wakaendelea kukanyaga.

"Kata yangu ya kwanza iko wapi? Wimbo wangu uko wapi? Mnasahau mimi ni mkubwa wenu?"

Mzee Nyati akatoka kwenye tope. Akashika kata ya maji, akaimba mwenyewe kwa ile sauti yake nzito: Mbio, mbio, nani kama Mbuni?

"Hakuna!"

Ndiyo, wanyama nao waliitika hivyo hivyo, "Hakuna!" Maana ni kweli, mbio zilikuwa zake, na mimi siwezi kuwafundisha kusema uongo. Mbuni akatabasamu, akanyoosha shingo aipokee kata. Lakini Mzee Nyati hakumpa. Akaimba mara ya pili: Kiu, kiu, nani alituzibia?

Wanyama wakageukia alipolala Kanga, wakaitika wote, "Kanga!"

Mzee Nyati akambebea Kanga kata mpaka alipolala. Kanga akawanywesha kwanza vifaranga wake. Kisha akaomba Pimbi apewe. Yeye akanywa baada yao.

Mbuni akasema, "Mnanidhalilisha!"

"Hapana," akasema Mzee Nyati. "Sisi tulikosa kabla yako. Pimbi alipochelewa tulimchukulia chungu, wewe hukuja kabisa, tukakuletea uji. Tulikuita mkubwa kabla hatujakuona ukifanya lolote la kumfaa mwenzako. Pimbi, chungu chako hiki hapa, utusamehe. Na wewe Mbuni, maji yako yapo, kunywa kwa zamu yako. Fungu lako nalo lipo, na udongo ule pale. Kanyaga hata kidogo, tukuone."

Kila mtu akasimama kungoja. Mbuni akautazama udongo. Akaitazama miguu yake, mizuri, mirefu, mikavu. Neno moja tu lilitakiwa, watoto, na mguu mmoja tu.

Akasema, "Miguu hii si ya tope."

Akageuka, akateremka mlima, akaenda zake nyikani. Mpaka leo yuko huko. Anakimbia kuliko wote, anakimbia asubuhi, anakimbia jioni, na nyika haina mtu wa kumwimbia. Mifereji ya huko hakuna. Ndiva hakuna. Maana ndiva haichimbwi na mmoja.

Kwa hiyo Elinihaki, uliniuliza mwanzoni. Mbio ni kitu kizuri. Mpira ni kitu kizuri, hata mimi leo nilichungulia dirishani bao lile la mwisho, na nilipiga kofi. Lakini miguu ya mtu inaweza kuwa mikubwa na mwenyewe akabaki mdogo. Mtu anakuwa mkubwa pale wenzake wanapokuwa na shida na yeye akaenda, hata kama hakuna anayemtazama.

Na sasa nawaambia kilichonikasirisha. Leo asubuhi pembe ililia, tukatoka kwenda kukandika ndiva yetu. Eliamini hakuja. Kamati ya ndiva imemsamehe, eti asiumie mguu, eti ndiye jina letu. Nikamwona mama yake, mwanamke mwenye mgongo mbovu vile, amemaliza fungu lake. Nikamwambia, mama Eliamini, twende nyumbani. Akaniambia, "Tangulia, bibi. Nina fungu jingine." Akahamia fungu la mwanawe. Anakanyaga udongo pale, na ng'ambo ya pili nyinyi mnaimba, mtu mkubwa, mtu mkubwa. Alikuwa anawasikia! Na alikuwa anatabasamu, maskini, kwa kuwa mnamwimba mwanawe.

"Bibi, kwa hiyo Eliamini ni Mbuni?"

Hapana, Tunu. Eliamini ni kijana wetu, na bado hajateremka mlima. Kesho pembe italia tena, fungu lake halijakauka, na kukipambazuka mtapita mlangoni kwake. Msimwimbie ule wimbo, ameshauzoea. Muulizeni tu mama yake yuko wapi.

Hadithi yangu naiziba hapa kama ndiva inavyozibwa jioni. Atakayetaka kuizibua kesho, aje na jembe.